NENO LILILOTOKA KUNDINI
Uhakiki wa ukurasa mmoja wa kitabu kisicho na jalada

Kitabu chenyewe hakina jalada. Nilikinunua kwenye vitabu vya mitumba, vile vinavyotandazwa chini juu ya turubai, kwa bei ya kutupa, nikidhani ni kitabu cha kawaida cha Kiingereza. Nilipofika nyumbani na kukifungua vizuri ndipo nikagundua kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: maelezo yote yameandikwa kwa Kihispania. Ni kitabu cha kuwafundisha wasemaji wa Kihispania vivumishi vya Kiingereza vya ngazi ya juu, vile ambavyo hata Mwingereza mwenyewe havitumii kila siku. Kurasa za mwanzo zimenyofoka, kwa hiyo mtungaji simjui wala mchapishaji simjui. Na ni afadhali hivyo, kwa kuwa nitakayosema hapa si ya kusifu yote, na mimi sitafuti ugomvi na mtu.

Msomaji ataniuliza: kijana wa Kiswahili, tena mwenye ndoto ya kuandika riwaya, anatafuta nini kwenye kitabu cha Wahispania? Kwa kweli nilitaka kukirudisha kesho yake. Kilichonizuia ni penseli. Mtu aliyekuwa na kitabu hiki kabla yangu alikuwa mwanafunzi kweli kweli. Amepiga mistari, amejaza mazoezi, amefuta, amejaza tena. Na katika ukurasa wa neno "egregious" ameandika pembeni, kwa herufi ndogo, neno moja la Kihispania: "egregio". Mbele yake ameweka alama ya kuuliza, kubwa kuliko neno lenyewe.

Alama ile ilininyima usingizi. Nikaanza kuchokonoa kamusi, za Kiingereza na za Kihispania (Kihispania changu ni cha kuokoteza, lakini kamusi haimfukuzi mtu). Niliyoyakuta ndiyo ninayoleta hapa.

Tuanze na ukurasa ulivyo. Kila neno katika kitabu hiki limepewa ukurasa mmoja, na kila ukurasa umepangwa sawasawa na mwenzake kama vitanda vya bweni: neno, matamshi, maana kwa Kihispania, sentensi moja ya mfano, halafu mazoezi ya kujaza nafasi. Matamshi ya "egregious" yameelezwa vizuri, sina kinyongo hapo. Mwingereza husema kama "igrijas", mkazo ukiwa kwenye "gri". Mhispania akikutana na herufi hizo ulimi wake unakimbilia "kh", ile ya kukwangua koo kama tunayoisikia kwa wanaotamka "kheri" Kiarabu Kiarabu, kwa hiyo onyo la matamshi lina maana kwake. Kisha maana: baya mno, la kuchukiza, la wazi kabisa. Kisha mfano: mhasibu fulani alifanya kosa la "egregious" katika hesabu za kampuni. Basi. Mazoezi yanafuata.

Kwa mtu wa haraka ukurasa huu hauna kasoro. Maana ni sahihi, sentensi ni sahihi. Ukiwa na mtihani wa kuchagua jibu kati ya A, B, C na D utapata alama yako na kwenda zako. Lakini yule mwenye penseli hakutaka alama. Alikuwa na neno lake la nyumbani, "egregio", na aliona limefanana na hili kama pacha. Tatizo ni kwamba "egregio" kwa Kihispania ni sifa. Ni mtu mashuhuri, mtukufu, aliyewapita wenzake kwa heshima. Anaitwa hivyo mshairi mkubwa au profesa aliyeheshimika anapotajwa kwenye hotuba. Waitalia ndio wamezidi: kwao barua rasmi huanza kwa "Egregio", kama sisi tunavyoanza na "Mheshimiwa" au "Ndugu". Sasa pacha huyo wa Kiingereza anaambiwa ni baya mno, la kuchukiza! Mwanafunzi akae vipi asiulize?

Kitabu kimenyamaza. Hakuna hata mstari mmoja unaosema: angalia, ninyi mnalo neno linalofanana na hili, lakini maana zao zimepigana. Mtungaji pengine alifikiri kwamba asipolitaja "egregio" halitaingia kichwani mwa mwanafunzi. Hilo ni kosa la ualimu. Neno la lugha ya mama halingoji kukaribishwa. Mwalimu anapoingia analikuta limeshakaa sebuleni, limevua viatu.

Najua ninachosema kwa sababu na mimi yalinikuta. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na daftari la "maneno magumu". Mwalimu anaandika ubaoni neno, mbele yake maana yake kwa Kiswahili, sisi tunanakili na kukariri. Siku moja likaja "notorious". Mbele yake: "anayejulikana sana". Nikalipenda, lina mlio. Wiki hiyohiyo nikaandika insha ya Kiingereza kumsifu mkuu wetu wa shule, nikamwita "notorious", yaani kiongozi anayejulikana sana wilaya nzima. Insha yangu ilisomwa ofisini kwa walimu. We acha tu. Niliambiwa baadaye kwamba nilichoandika kinakaribia kumwita mkuu wa shule jambazi sugu. Ubaoni hakukuwa na uongo: mtu "notorious" anajulikana kweli. Ila ubao haukusema anajulikana kwa nini. (Na ajabu yenyewe ni kwamba Mhispania ana "notorio", ambalo kwake ni jambo linalojulikana au linaloonekana wazi tu, halina doa lolote. Angekuwa darasani kwetu tungeanguka pamoja.)

Nikirudi kwenye kitabu, lazima nikitendee haki. Sura yake ya kwanza iliyosalia ni nzuri sana. Inamwonyesha mwanafunzi daraja kati ya lugha hizi mbili: neno la Kihispania likiishia na "-oso" mara nyingi Kiingereza kina "-ous", kwa hiyo "famoso" ni "famous", "curioso" ni "curious", "generoso" ni "generous". Likiishia na "-ción" Kiingereza kina "-tion". Likiishia na "-dad" Kiingereza kina "-ty", kama "universidad" na "university". Daraja hili linavusha mamia ya maneno kwa mkupuo mmoja. Sisi Waswahili hatuna daraja kama hilo la kwendea Kiingereza, na niliposoma nilimwonea wivu yule mwenye penseli.

Daraja hilo lina historia yake. Mwaka 1066 Wanormani waliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walizungumza Kifaransa, kanisa na wasomi wakaandika Kilatini, mkulima akabaki na Kiingereza chake. Ndiyo maana mpaka leo maneno ya Kiingereza ya jikoni na zizini mengi ni ya kale, mafupi, ya kienyeji; yale ya korti na vitabuni yametoka kwa Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa. Kihispania nacho ni mtoto wa Kilatini. Kwa hiyo Mhispania anaingia katika Kiingereza kupitia ghorofani. Neno "commence" linalomtisha mtoto wa Kiingereza halimtishi yeye, kwa sababu kwao "comenzar" ni kuanza tu, hata kuanza kumenya viazi. "Amiable" analo, ni "amable". "Edifice" analo, ni "edificio". Kinachomtoa jasho ni vijineno vya chini, "get over", "put up with", ambavyo mtoto wa miaka mitano wa London anavitumia akilia.

Sasa hapo ndo penye hoja yangu. Hiyo "ngazi ya juu" iliyoandikwa kila ukurasa ilipimwa kwa mguu wa Mwingereza. Kwa Mhispania maneno haya si ya juu kwa maana ya kuwa mageni. Ugumu wake ni mwingine: anayajua tayari, na anayajua vibaya kidogo. "Edificio" kwao ni jengo lolote lile. "Edifice" ni jengo la fahari, ukimwambia mtu kwamba ofisi ya posta iko kwenye "edifice" ile pale atatafuta nguzo na kuba. "Fácil" ni rahisi. "Facile" ni rahisi kwa ubaya, yaani fikra isiyochimba, hoja ya juujuu. Kitabu cha Wahispania kilipaswa kuanzia hapo, katika hiki kidogo kilichopinda. Badala yake kimechukua orodha iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa dunia nzima, kikatafsiri maana, kikaita ni kitabu cha Wahispania. Kihispania kimo kwenye maelezo tu. Mhispania mwenyewe hamo.

Watu wa Ulaya wamelijua tatizo hili zamani. Mwaka 1928 Wafaransa wawili, Koessler na Derocquigny, walitoa kitabu kizima juu ya maneno ya Kiingereza yanayowasaliti Wafaransa, wakayaita marafiki wa uongo, na jina hilo limeenea kote. Kitabu changu kisicho na jalada kinawafahamu marafiki hao. Kimetenga kisanduku kwa ajili ya "embarazada". Neno hilo linafanana na "embarrassed", aliyeona aibu, kumbe kwa Kihispania ni mjamzito. Kila kitabu kinalitaja kwa sababu linachekesha. Lakini kosa la kuchekesha lina dawa yake ndani: mtu akisema hivyo mbele za watu anachekwa, na akichekwa hasahau. Hatari ni yale yasiyochekesha. Mtu anaweza kulibeba "egregious" kwa maana ya sifa miaka ishirini, akasoma gazeti na kuelewa kinyume, na hakuna atakayejua, hata yeye mwenyewe.

Je, jibu la ile alama ya kuuliza ni lipi? Maneno haya mawili ni ndugu wa baba mmoja. Kilatini kilikuwa na neno la kundi la mifugo, "grex", na "egregius" ni aliyetoka nje ya kundi. Ukoo huu ni mkubwa na Mhispania anao wote nyumbani: "congregar", kukusanya kundi; "segregar", kutenga na kundi; "agregar", kuongeza kwenye kundi. Hata kundi lenyewe bado linaitwa "grey", hasa kundi la waumini, na mtu akiliona neno hilo kwenye ukurasa wa Kiingereza atadhani ni rangi ya kijivu. Mstari mmoja tu wa maelezo haya ungempa mwenye penseli kamba ya kushika.

Mnyama aliyetoka kundini ni yupi? Mtoto yeyote aliyewahi kuchunga anajua kwamba kuna wawili. Kuna beberu au dume linalotangulia mbele, ambalo wageni wakija ndilo wanaloonyeshwa. Na kuna yule mkorofi anayechepuka kila siku kuingia shamba la watu. Warumi walimtazama yule wa kwanza. Kihispania na Kiitalia vimeendelea kumtazama huyohuyo. Kiingereza kilipolichukua neno, katika karne ya 16, kiliwatazama wote wawili kwa pamoja, sifa na lawama, halafu taratibu kikabaki na mkorofi. Shakespeare yuko katikati ya safari hiyo. Katika Henry V mropokaji Pistol anamdai mateka Mfaransa fidia "egregious", maana yake kubwa kupita kiasi, wala si mbaya. Katika Cymbeline, iliyoandikwa karibu mwaka 1610, Posthumus aliyedanganywa akaamini kwamba mkewe hakuwa mwaminifu, akaagiza auawe, anapogundua ukweli anajiita muuaji, na neno analoliweka juu ya muuaji huyo ni hilohilo. Hapo sifa imekwisha.

Wenye kamusi wengi wanaona kilichopindua neno ni kejeli. Watu walilitumia kusifu huku wakikebehi, kejeli ikakomaa, sifa ikafa. Mimi sihitaji kushawishiwa. Mtoto akidondosha chupa ya chai ikapasuka, mama anamwambia, "Hongera!" Fundi akiunguza redio uliyompelekea kutengeneza, unamwambia, "Kweli wewe ni mtaalamu." Fikiria watu mia tatu, kila siku, kwa miaka mia moja, wasitumie neno "mtaalamu" ila kwa fundi wa namna hiyo. Wajukuu wao wangejua maana gani?

Wala tusijidai kwamba sisi tuko salama. Tunalo kubuhu. Mwizi aliyekubuhu, mlevi aliyekubuhu, hayo tumeyasikia tangu utoto, na hakuna mzazi ambaye angetaka mwanawe aitwe hivyo. Lakini siku hizi nasikia watu wakisema "mchambuzi aliyekubuhu" na "mwandishi aliyekubuhu" wakiwa na nia njema kabisa. Walitaka kusema aliyebobea. Kwa hiyo kubuhu linapanda ngazi ileile ambayo "egregious" iliishuka. Mimi binafsi bado linanikwaruza sikio. Lakini nani anajua, huenda mjukuu wangu ataliweka kwenye wasifu wake wa kuombea kazi.

Na jirani wa Kihispania, yaani Kireno, ametuachia ushahidi mkubwa zaidi. Wataalamu wengi husema gereza limetokana na "igreja", kanisa, ambalo kwa Kihispania ni "iglesia". Ngome za Wareno pwani zilikuwa na kanisa ndani. Wenyeji waliona ngome, wakasikia jina, na baadaye ngome zikafungia watu; ile ya Fort Jesus, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya serikali ya Waingereza tangu 1895 hadi 1958. Msemaji wa Kihispania akijifunza Kiswahili, akasikia neno linalofanana na kanisa, akaambiwa ndipo wanapokaa wafungwa, atachora na yeye alama yake ya kuuliza.

Nimekaa sana kwenye historia ya neno, na mtu anaweza kunipinga. Anaweza kusema: kijana, "egregio" lenyewe kwa Kihispania si neno la sokoni. Ni la hotuba na vitabu. Mhispania wa kawaida huenda hajawahi kulitamka, kwa hiyo halitamdhuru. Nakubali nusu. Muuza matunda hatadhurika. Lakini muuza matunda hanunui kitabu cha vivumishi vya ngazi ya juu! Anayekinunua ni mtu aliyesoma, na aliyesoma ndiye aliyekutana na "egregio" shuleni. Kitabu kimemwacha bila msaada mtu yuleyule kilichomlenga.

Sasa nihamie kwenye sentensi ya mfano, kwa maana hapa ndipo nilipokasirika. Mhasibu alifanya kosa. Mhasibu gani? Nani anasema? Anamwambia nani, kwa sauti gani? Sentensi hii haina mtu. "Egregious" si neno ambalo mtu humwambia rafiki yake wakila. Ni neno la aliye juu anayemhukumu aliye chini au mwenzake: jaji, mhariri, msimamizi, mpinzani bungeni. Na lina marafiki wachache linaotembea nao: kosa, ukiukaji, matumizi mabaya ya madaraka, uongo, mfano. Husikii mvua "egregious" wala samaki "egregious". Sisi vilevile: mwizi hukubuhu, mvua haikubuhu. Mwanafunzi akishajua neno linatembea na nani na linatoka kinywani mwa nani, maana yake anaijua hata kabla hujamtafsiria. Hiki ndicho mtunzi wa riwaya anachokifanya anapomchagulia mhusika maneno, na sioni kwa nini mtunzi wa kitabu cha lugha asikifanye.

Tena mahali pa kupata mfano wenye watu halisi pasingekuwa mbali. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi inayojulikana kwa jina la Lopez-Mendoza. Ilihusu wafanyakazi wawili, raia wa Meksiko. Mmoja alikamatwa na maofisa wa uhamiaji mwaka 1976 kwenye gereji ya kutengeneza giaboksi huko San Mateo, California. Mwingine mwaka 1977 kwenye kiwanda cha viazi huko Pasco, jimbo la Washington. Swali lilikuwa hili: kama maofisa walimkamata mtu kinyume cha Katiba, na mtu huyo akakiri kwamba hana ruhusa ya kuwa nchini, je, maneno yake yatumike kumfukuza? Katika kesi za jinai ushahidi uliopatikana kwa njia haramu kwa kawaida hutupwa. Mahakama, majaji watano kwa wanne, ikasema katika kesi za kufukuzwa nchini kanuni hiyo kwa kawaida haitumiki. Lakini Jaji Sandra Day O'Connor aliacha upenyo mmoja. Aliandika kwamba hapo hawakuwa wakizungumzia ukiukaji ambao ni "egregious".

Neno moja tu, kivumishi. Tangu siku hiyo mawakili na mahakama za chini walilazimika kubishana: ukiukaji upi ni mbaya tu, na upi ni "egregious"? Mwaka 1994 mahakama ya rufani ya majimbo ya magharibi, katika kesi ya Gonzalez-Rivera, iliamua kwamba kumsimamisha mtu barabarani kwa sababu tu ana sura ya Kihispania kulifikia kiwango hicho, na ushahidi uliopatikana ukatupwa. Mtu alibaki au aliondolewa kwa kutegemea kama kivumishi hiki kinamfunika au hakimfuniki.

Sasa mweke mtu wa namna hiyo mbele ya jaji. Ana Kiingereza cha kutosha kufuata. Wakili wake anasimama na kusema maofisa walichofanya ni "egregious". Mtu huyu, kama ni msomaji, masikioni mwake linalia "egregio". Kwa sekunde kadhaa wakili wake mwenyewe anamsifu ofisa aliyemtoa kwenye gari! Mkalimani mzuri atamwokoa: atasema "grave", au "flagrante", au "atroz", hatagusa lile pacha. Mkalimani huyo alijifunza wapi? Labda kwenye kitabu kama hiki changu, na kama ni hivyo basi alijiongeza mwenyewe, kwa maana kitabu kimemwachia mhasibu na hesabu zake.

Kama ningepewa ukurasa huo niuandike upya, matamshi ningeyaacha yalivyo. Ningeweka "egregio" juu kabisa, waziwazi, nimwambie mwanafunzi: hili ni lako, lishike, ni zuri, lakini ndugu yake wa Kiingereza alifuata yule mbuzi mwingine. Mhasibu ningemwondoa. Ningemweka mtu kwenye gari barabarani California, na wakili wake, na jaji. Mazoezi ya kujaza nafasi ningeyapunguza hadi mawili, na zoezi la tatu lingekuwa kuuliza nani hapa anaweza kulisema neno hili na nani hawezi. Ukurasa mmoja ungetosha.

Nimeendelea kukisoma kitabu, kwa kufuata penseli zaidi kuliko maandishi. Baada ya "egregious" mwenye kitabu amejaza mazoezi ya maneno mengine kadhaa bila kuuliza kitu. Halafu katika herufi F, kwenye "fastidious", ile alama imerudi. Kitabu kinasema ni mtu anayechagua sana, asiyeridhika mpaka kila kitu kiwe mahali pake, na mfano wake ni mpishi fulani. Pembeni penseli imeandika "fastidioso?" Kwa Kihispania huyo ni mtu au jambo la kuudhi, la kuchosha roho. Safari hii maana hazikupigana, ni kama zimesimama pande mbili za meza moja: mmoja ni yule anayeudhika upesi, mwingine ni yule anayeudhi wenzake. Chini ya alama ya kuuliza kuna neno limeandikwa kisha likafutwa. Nimelielekeza kwenye mwanga wa dirisha mara kadhaa na bado halisomeki.